Zulia na Chumba: Kipimo Walichotuachia Wazee



Nilikwenda kumzuru mama mmoja mtu mzima aliyevunjika nyonga. Hakuanguka kisimani wala njiani. Alianguka ndani ya sebule ya mwanawe, wakati wa Alfajiri, alipokuwa akienda kutawadha. Mwanawe alikuwa amenunua zulia zuri, tena kwa deni, na zulia lile lilikuwa pana kuliko chumba. Kwa kuwa alichelea kulikata, alilipinda upande wa mlangoni, na upindo ule ndio uliomkwaa mamake. Nilipompa pole alinijibu, "Maalim, umri wangu wote nimekalia mkeka, na mkeka haujapata kuniangusha." Tukacheka sote, na yeye mwenyewe akacheka, ila mwanawe alikuwa ameinamisha kichwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiri jambo hili. Watu huniuliza mas-ala ya tohara, ya mirathi na ya ndoa, lakini sijapata kuulizwa na mtu: Chumba changu kinataka tandiko la kiasi gani? Hulidhania kuwa ni jambo la dukani tu. Wal-hali kipimo cha tandiko kina historia ndefu katika Uislamu na katika mwambao wetu huu, na mwenye kuijua historia hiyo hatapotea akifika dukani.

TANDIKO LA MTUME (S.A.W.)

Tuanze pale panapopasa kuanziwa. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa na mkeka ambao mchana aliutandika akaukalia pamoja na watu, na usiku akaufanya kizuizi cha kumpa faragha ya sala. Mkeka ule ule mmoja ulikuwa ni sebule mchana na chumba usiku. Alikuwa pia na khumra, kitandiko kidogo cha majani ya mtende, cha kiasi cha kumtosha mwenye kusujudu. Kwa hivyo palikuwa na tandiko la watu na tandiko la mtu mmoja, na kila moja lilikuwa na kiasi chake.

Anas bin Malik (R.A.) naye amesimulia jinsi bibi yake, Mulayka, alivyomwalika Mtume (S.A.W.) chakula. Walipokwisha kula, Mtume akataka kuwasalisha. Anas akauendea mkeka wao, ambao ulikuwa umekuwa mweusi kwa kutumika miaka mingi, akaunyunyizia maji. Mtume akasimama, Anas na yatima mmoja wakapiga safu nyuma yake, na bibi kizee akasimama nyuma yao. Mkeka ule haukuwa mpya wala haukuwa na nakshi, lakini watu walikula wakasali, na habari yake ingali ikisomwa mpaka leo.

Wala mtu asije akafahamu kwamba mazulia yamekatazwa. Jabir bin Abdillahi (R.A.) alipooa, Mtume (S.A.W.) alimuuliza kama wana matandiko laini, yale yaitwayo anmat. Jabir akasema, watayapata wapi? Mtume akambashiria kwamba watakuja kuwa nayo. Na kweli yakaja. Baadaye Jabir akawa humwambia mkewe amwondolee matandiko yake, na mkewe humkumbusha kwamba Mtume mwenyewe ndiye aliyeyabashiri, basi Jabir humwachia. Tazama adabu ya nyumba ile: mume ana khofu ya anasa, mke ana hoja ya halali, na hakuna aliyemvunjia mwenziwe heshima.

Lililokemewa ni kupita kiasi. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) amekihesabu kitanda cha mume, na cha mke, na cha tatu cha mgeni, kisha akasema kwamba cha nne ni cha shetani. Wanavyuoni wamefahamisha kwamba makusudio yake ni kile kinachozidi haja, kinachowekwa kwa kujifakhiri. Shika neno hilo, haja, kwani ndilo tutakalolipimia zulia.

ZULIA LA KISRA

Mwaka wa 16 Hijria, sawa na mwaka 637, jeshi la Waislamu chini ya Saad bin Abi Waqqas (R.A.) liliingia Madain, mji mkuu wa wafalme wa Uajemi. Katika jumba la Kisra walikuta zulia ambalo mwanahistoria Tabari amelieleza kwa urefu. Lilikuwa dhiraa 60 kwa dhiraa 60, yaani kama futi 90 kila upande. Lilisukwa mfano wa bustani, lenye dhahabu, hariri na vito, na wafalme walilitandika majira ya baridi maua yanapokufa, wakakaa juu yake kama walio bustanini.

Jeshi halikuweza kuligawa, basi likapelekwa Madina kwa Sayyidna Umar (R.A.). Umar akawataka watu shauri. Wako waliomwachia yeye aamue apendavyo. Sayyidna Ali (R.A.) akamtahadharisha kwamba likiachwa kama lilivyo leo, kesho huenda akaja mtu akalichukua bila ya haki. Umar akakubali, akalikata vipande akawagawia watu. Kipande cha Ali aliuza kwa 20,000, na Tabari anasema hakikuwa bora ya vipande vyote.

Wako wanaosikitika kwamba kitu kizuri namna ile kilitiwa kisu. Nami sisemi kwamba uzuri ni kitu cha kudharau. Lakini jiulize, ndugu msomaji: Madina ya siku zile ilikuwa na nyumba gani ya kuweza kutandikwa zulia la futi 90? Msikiti wenyewe ulikuwa wa udongo na magogo ya mitende. Zulia lile lilifumwa kwa jumba moja tu duniani, na lilipotoka katika jumba hilo halikuwa tena tandiko, lilikuwa mali iliyokunjwa. Umar alilirudisha katika haja za watu, na kila aliyepata kipande alipata cha kula.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 946 Hijria (1539 au 1540) yalikamilishwa mazulia mawili makubwa, mapacha, ambayo yalikuja kujulikana kwa jina la mji wa Ardabil huko Uajemi, penye kaburi la Sheikh Safi al-Din. Karne ya 19 yaliuzwa, nayo yalikuwa yamechakaa. Wafanya biashara wakachukua sehemu za moja wakalitengenezea la pili. Lile lililokamilishwa lilinunuliwa na jumba la makumbusho la London mwaka 1893 kwa pauni 2,000, na lina urefu wa mita 10 na nusu na upana wa mita 5 na ziada. Mwenziwe, aliyebaki bila ya pambizo zake, yuko Los Angeles, Marekani, naye ni mfupi na mwembamba. Walisukwa wawili wawe sawa, na leo hawalingani. Kwa ndugu hawa nalo limepita kama linavyopita kwa wanaadamu: mmoja amevaa kwa kumvua mwenziwe.

BORITI, CHUMBA NA MKEKA

Sasa turudi kwetu. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliona kwamba watu wa mji ule walikwenda miguu mitupu, na kila mwenye kuingia msikitini huosha miguu yake, kisha huifuta kwenye kipande cha jamvi nene kilichowekwa mlangoni. Basi kabla ya kutaja jamvi la kukaliwa, tumepata habari ya jamvi la kufutia miguu. Wazee wetu walijua kuwa tandiko la mlangoni ni dogo na gumu, na la ndani ni kubwa na laini, na hili halishiki mahali pa lile.

Nyumba za mawe za Lamu, Pate, Mombasa na Unguja zilikuwa na vyumba virefu na vyembamba. Ukiingia nyumba ya kale ya Lamu utapita daka, kisha kiwanda, kisha misana, kisha ndani, na kila chumba ni kama ujia mpana. Sababu yake ni boriti. Dari ililazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka yenye nguvu haikuzidi sana mikono 6 ya nafasi baina ya ukuta na ukuta, yaani kama futi 9. Chumba kiliweza kurefuka kadiri ya uwezo wa mwenye nyumba, lakini hakikuweza kupanuka. Tajiri na maskini walikuwa chini ya sheria moja, na aliyeitunga sheria hiyo ni mti.

Boriti hizo hizo zilipakiwa katika majahazi huko Lamu na Rufiji zikapelekwa Arabuni na Ghuba, na nyumba za kale za Kuwait na Bahrain ziliezekwa kwa mikoko yetu. Kwa hivyo vyumba vyao pia vilikuwa vyembamba kama vyetu. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalituletea tende, chumvi, papa mkavu, masanduku na mazulia ya Kiajemi, na kusi ilipoanza yalirudi na boriti. Hata maneno yetu yanashuhudia safari hizo. Busati ni neno la Kiarabu, na wazee walilitumia khasa kwa mikeka iliyotoka Maskati. Neno zulia nalo utalisikia kwa watu wa Ghuba, ambao mpaka leo husema zuliya.

Wenyewe tulikuwa na mikeka. Jamvi lilisukwa kwa miyaa, likatumika misikitini, matangani na kwenye karamu. Mkeka mzuri ulisukwa kwa ukindu, ukatiwa rangi, ukatandikwa ndani. Msala ulikuwa wa mtu mmoja. Na hapa pana hekima ambayo wengi wetu tumeisahau. Mkeka hausukwi wote kwa mara moja. Husukwa kwanza ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole kadhaa, kisha ukili hushonwa upande kwa upande mpaka mkeka ukafikia upana unaotakiwa. Bibi zetu walipima chumba kwa mkono: shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, mikono minne ni pima. Chumba kikizidi, huongeza ukili. Kikipungua, huacha mapema. Chumba kilitangulia, mkeka ukafuata, na aliyepima ndiye aliyeshona.

VIPIMO VYA WAGENI

Wafumaji wa Uajemi nao walikuwa na desturi inayofanana na hiyo. Katika chumba cha wageni hawakutandika zulia moja kubwa, bali manne: moja la kati, mawili marefu membamba ya ubavuni walipokaa watu, na moja la kichwani mwa chumba walipokaa wenye heshima. Wageni walikaa pembeni, na la kati likabaki wazi, likapumzika na nyayo.

Karne ya 19 ilipokuwa ikimalizikia, wanunuzi wa Ulaya na Marekani walizidi. Mwaka 1883 kampuni ya Ziegler ya Manchester ilifungua ofisi Sultanabad, mji unaoitwa leo Arak, ikawa inawaagizia wafumaji mazulia ya vipimo na rangi za vyumba vya Kizungu. Vyumba hivyo vilikuwa vipana, vina meza katikati na viti pande zote, na watu wake huingia na viatu. Zulia moja pana likachukua mahali pa yale manne, na futi 9 kwa 12 kikawa kipimo mashuhuri. Mazulia ya mashine tunayoyaona madukani kwetu leo, mengi yao kutoka Uturuki, ni wajukuu wa desturi hiyo: sentimita 160 kwa 230, 200 kwa 300, na kadhaalika. Kipimo kilichoandikwa nyuma ya zulia ni cha chumba cha mtu mwingine, ambaye hakuijua sebule yako wala idadi ya watu wako.

Na wakati huo huo boriti zikatuacha mkono. Chuma na saruji vilifika Ghuba, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kupeleka nje boriti za mikoko. Siku hizi kwa zege na nondo mtu hujenga sebule ya upana aupendao. Hili ni katika neema, na Alhamdulillahi. Lakini mti uliokuwa ukitwambia "basi" haupo tena juu ya vichwa vyetu. Ikiwa hatujiambii wenyewe, atatwambia mwenye duka, naye hana sababu ya kusema "basi".

JINSI YA KUPIMA

Basi, ewe baba na mama wa nyumba, kabla ya kutoka kwenda dukani fanyeni haya.

Kwanza, jiulizeni mnakaa vipi. Ikiwa mnakaa chini, kwa magodoro na mito, tandiko halina budi kufika ukutani, kwani ukutani ndipo watu walipo. Kwa chumba kirefu chembamba, mabusati mawili marefu ni bora kuliko zulia moja pana, na ni rahisi kuyatoa nje kuyakung'uta. Ikiwa mnakalia makochi, zulia si lazima lifike ukutani. Liacheni sakafu wazi kiasi cha futi moja na nusu, yaani mkono mmoja, kila upande. Sebule ya futi 12 kwa 15 itataka zulia la futi 9 kwa 12, na lililo kubwa zaidi ni fedha iliyofichwa chini ya makabati. Miguu ya mbele ya makochi na ikanyage zulia, ili lisiteleze na lisinyanyuke pembe. Dogo mno nalo halifai: zulia linaloelea katikati bila ya kuguswa na kiti chochote hukwaza watoto na wazee.

Pili, uangalieni mlango. Ufungueni mpaka mwisho, mtie alama mahali upitapo. Zulia lisifike hapo. Lau yule kijana angalifanya hili moja tu, mamake leo angalikuwa anatembea.

Tatu, ihesabuni sala. Mwenye kusali huhitaji kama futi 2 za upana na futi 4 za urefu. Kwetu mwambao, Mombasa na Unguja, Kibla ni kaskazini takriban. Zulia la futi 9 kwa 12 mkililaza urefu wake mashariki na magharibi, litachukua safu mbili za watu sita sita. Mkilila kinyume, safu zitakuwa tatu za watu wanne na upana wa futi moja utabaki bure. Na katika nakshi chagueni iliyo tulivu. Mtume (S.A.W.) alisali na nguo yenye mapambo ikamshughulisha, akairudisha kwa Abu Jahm, akataka isiyo na mapambo.

Nne, tandikeni magazeti au shuka kwa kipimo mlichokusudia, mkae nayo siku mbili. Gazeti likikunjamana, jueni zulia nalo litakunjamana. Kisha nendeni dukani na uzi uliofungwa fundo mbili, la urefu na la upana, na msikubali kinachopita fundo hata kikipunguzwa bei.

Tano, na hili ndilo kubwa, pimeni mfuko. Wako vijana waliochelewesha ndoa kwa ajili ya sebule. Wako waume wanaokwepa njia ya dukani kwa deni la zulia. Na iko nyumba niliyoalikwa hitima, tukakuta zulia limekunjwa na kusimamishwa pembeni, na sisi tumetandikiwa jamvi, ili wageni wasilichafue. Nilikaa kwenye jamvi kwa raha, lakini nilijiuliza: zulia ambalo mgeni hakalii, na mwenyewe anachelea kulikanyaga, ni la nani katika vile vitanda vinne?

MSIKITI WA MASKATI

Asije mtu akasema kwamba Sheikh anataka turudi kwenye umaskini. Tazameni Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos huko Maskati, uliofunguliwa mwaka 2001. Zulia la ukumbi wake mkubwa lilisukwa kwa mkono na wafumaji 600 wa Iran kwa muda wa miaka 4. Lina uzito wa tani 21, na limezidi mita za mraba 4,000. Ni kubwa kuliko lile la Kisra mara kadhaa. Lakini ukumbi ulipimwa kwanza, zulia likafumwa vipande 58, vikaja kuunganishwa pale pale, na juu yake husali maelfu ya watu, tajiri ubavuni mwa mchukuzi. Ukubwa basi si aibu. Bustani ya Kisra ilikaliwa na wachache, na hili hukanyagwa na kila aliyetawadha, na mwisho wake uko ukutani hasa.

Katika Suratu Nuh Mwenyezi Mungu ametukumbusha kwamba ardhi yote ametufanyia busati, ili tupite humo njia zilizo pana. Tandiko hilo halimkwazi mtu, na kila kiumbe kimepewa nafasi yake juu yake. Nasi tutandike nyumba zetu kwa kufuata mfano huo kadiri ya uwezo wetu.

Nimalize kwa yule kijana. Siku ile alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Maalim, nilirudishe dukani? Hawalipokei tena." Nikamhadithia habari ya Sayyidna Ali na zulia la Kisra. Baada ya wiki mbili nilirudi kumwangalia mgonjwa. Zulia lilikuwa limekatwa mikono miwili upande wa mlangoni, na fundi amelishona ukingo wake vizuri. Kile kipande kilichokatwa kilikuwa kimetandikwa kando ya kitanda cha mama, mahali atakapokanyaga miguu yake Inshaallah akipata nguvu ya kusimama. Deni lingalipo, analilipa kidogo kidogo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amponye mama huyu na wagonjwa wetu wote, azitie baraka nyumba zetu, ziwe pana kwa wageni hata zikiwa nyembamba kwa boriti, na atukinge na kila tandiko linalozidi haja yetu. Amin.